Mzee anasema mashine ni nzima: nimwamini kwa mdomo au tuandikishane?

SWALI: Mimi ni mfanyabiashara wa mchele hapa Ifakara. Mzee ambaye nimekuwa nikikoboa kwake miaka mingi anauza mashine yake kwa kuwa anahamia Dodoma kwa mwanawe. Anataka shilingi milioni 18. Anasema mashine ni nzima na msimu ukifika wateja wanapanga foleni. Baba mdogo ananiambia nisiongee sana, nitaje bei yangu moja na nishikilie hapo. Shemeji anasema niwe muwazi tu, mzee ni mtu wetu. Mimi ningependa tuandikishane, lakini huyu mzee namwita baba, naogopa ataona simwamini. Na juzi kaniambia kuna mtu wa Mlimba anaitaka, kwa hiyo nimpe arubuni ya milioni 2 asimpe mwingine. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu, usitoe hiyo milioni 2 bado. Nitaeleza kwa nini, ila nianze na baba mdogo, maana ushauri wake ndio unaosikika wa kijasiri kuliko wote, na ndio utakaokuumiza.

Tupige hesabu. Tuseme kwa mzee mashine hii inaweza kuwa na thamani yoyote kati ya milioni 8 na milioni 20. Ya milioni 8 ni mashine iliyochoka, unauza mota na vyuma basi. Ya milioni 20 ni nzima na wateja wake wapo. Yeye anajua yake iko wapi katikati hapo, wewe hujui. Kwako ina thamani zaidi kwa sehemu moja ya tano, kwa sababu una mpunga wako na wenzako sokoni watakufuata. Ikiwa kwake ni ya milioni 10, kwako ni ya 12. Ikiwa kwake ni ya 20, kwako ni ya 24. Yaani, iwe nzima iwe mbovu, iko bei ambayo nyote wawili mngeondoka mmefurahi.

Sasa nenda ukakae kimya kama ulivyoambiwa, utaje milioni 16 na ushikilie. Mzee atakubali lini? Atakubali pale tu ambapo kwake haizidi milioni 16. Kama ni ya 18 au 20 atakuaga kwa heshima. Kwa hiyo ukisikia "nimekubali", ujue umeangukia kati ya 8 na 16, wastani wake 12, na kwako hiyo ni milioni 14.4. Umelipa 16. Furaha ya kukubaliwa imekugharimu milioni 1.6. Shusha hadi 14: wastani wa zile atakazokubali ni 11, kwako 13.2, bado umepoteza. Ni mpaka ushuke milioni 12 ndipo unatoka sare, na faida inaanza chini ya hapo. Lakini chini ya hapo unanunua mashine mbovu tu. Zile nzuri, ambazo hasa ndizo ungezitaka, zote zinabaki kwa mwenyewe.

Jambo hili lina historia. Mchumi George Akerlof aliliandika mwaka 1970 kwa mfano wa magari yaliyotumika, baada ya majarida matatu kuikataa makala yake, na mwaka 2001 akapewa Nobeli ya uchumi pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz. Baadaye William Samuelson na Max Bazerman walitengeneza mchezo wa darasani unaofanana na hesabu niliyokufanyia. Nimeutumia na wanafunzi. Karibu kila mmoja anataja bei inayompa hasara, tena wale wa shahada ya pili ndio wanaojiamini zaidi.

Kwa hiyo kunyamaza na kushikilia bei hakukulindi. Kunafaa ukiwa unajua unachonunua na tatizo lenu ni kugawana faida. Wewe tatizo lako ni kwamba hujui unanunua nini.

Sasa tuje kwa shemeji. Kuzungumza kunasaidia, lakini si kila neno lina uzito. "Mashine ni nzima" halina uzito hata kidogo. Simsemi mzee kuwa mwongo. Nasema mwenye mashine nzima angelisema na mwenye mashine mbovu angelisema pia, bure, bila kulipia chochote. Neno ambalo kila mtu angelisema halikupi habari yoyote. Habari za mtu wa Mlimba ni hivyo hivyo. Huenda yupo kweli. Lakini hata asingekuwepo angetajwa.

Kuna maswali mengine ambayo mzee hana sababu kubwa ya kukudanganya, na hayo ndiyo uanze nayo. Anahama lini? Anahitaji fedha zote kwa mkupuo au ana jambo moja tu la haraka, kama kumalizia nyumba? Fundi wake anakwenda naye au anabaki? Joseph Farrell na Robert Gibbons walionyesha mwaka 1989 kwamba hata maneno matupu yanaweza kubadilisha matokeo ya mapatano, kwa sababu yanasaidia watu kujuana nani ana nia ya kweli na nani anapima upepo. Na kwako jibu la "kwa nini unauza" ni la thamani kuliko la "mashine ikoje". Mtu anayeuza kwa sababu ya mashine na mtu anayeuza kwa sababu ya kuhama ni wauzaji wawili tofauti kabisa. Ile hesabu ya milioni 12 inakubana sana pale tu ambapo uamuzi wa kuuza unatokana na hali ya mashine. Kama kweli anahamia Dodoma, na hilo mtaani linajulikana bila yeye kukuambia, basi hata mwenye mashine nzuri yuko sokoni, na hofu yako ipungue kiasi.

Njia mnayozungumza nayo pia si jambo dogo. Kathleen Valley na wenzake, akiwemo huyo huyo Bazerman, walichapisha mwaka 1998 majaribio ya watu wanaopatana hali upande mmoja unajua thamani na mwingine haujui. Waliokutana uso kwa uso walifika kwenye makubaliano yenye faida kwa wote kuliko waliotumia simu au barua, kwa sababu waliambiana ukweli zaidi. Mwaka 2002 wakaonyesha tena kwamba watu wakiachiwa nafasi ya kuongea kabla ya kutaja bei, wanaokoa biashara nyingi ambazo kwa nadharia zingekufa. Kwa hiyo nenda nyumbani kwa mzee, usimalizane naye kwa simu, na ujumbe wa WhatsApp uache kabisa. Lakini usijidanganye kwamba kukutana kunatosha. Hata kwenye majaribio hayo wapo waliotazamana machoni na bado wakadanganyana.

Baada ya maneno kuna vitu vya kuonyesha, na kwenye mashine ya kukobolea kuna shahidi mzuri sana ambaye watu humsahau: mita ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla.

Mwombe mzee ukoboe magunia yako kumi, mpunga mmoja, uliokauka sawasawa. Nusu yake kakoboe kwenye mashine nyingine unayoiamini, ili ukiona chenga nyingi ujue ni za mashine na si za mpunga mbichi. Pima kila gunia kabla. Soma yuniti zilizobaki kwenye mita kabla ya kuwasha, soma tena baada ya kuzima. Pima mchele, pima chenga. Halafu gusa mota na beringi uone joto lake, na usikilize mikanda na roli wakati mpunga uko ndani, kwa sababu mashine nyingi zikizungushwa tupu huimba vizuri. Hapo umepata idadi ya yuniti kwa gunia. Tuseme ni 3.

Sasa mwombe mzee akuonyeshe manunuzi yake ya umeme ya msimu uliopita: jumbe za tokeni kwenye simu, miamala ya fedha za mtandao, au aombe mwenyewe orodha TANESCO kwa namba ya mita. Kama mwezi wa saba alinunua yuniti 2,400, basi hakukoboa zaidi ya magunia 800 mwezi huo, toa taa na kitu kingine chochote kinachokula umeme wa mita hiyo, kama mashine ya kuchomelea. Kama alikuambia anakoboa 2,000, umeshajua kipimo cha maneno yake bila kumwita mwongo. Na kama alikuambia 750, umejua pia, na hapo mheshimu zaidi.

Akikataa je? Akikataa kuonyesha kitu ambacho kipo, ambacho hakimgharimu chochote na ambacho kingempandishia bei kama ni kizuri, kukataa kwenyewe ni jibu. Sanford Grossman na Paul Milgrom, kila mmoja kwa njia yake, walilieleza hili mwaka 1981: mwenye kizuri ataonyesha, anayemfuata ataonyesha asichanganywe na wabaya, na kadhalika hadi chini, mpaka anayebaki kimya ni yule wa mwisho. Ila kuwa mpole hapo. Kanuni hiyo inamhusu anayejua kwamba ushahidi upo. Mzee wa miaka sabini ambaye tokeni hununuliwa na mjukuu huenda hana jumbe zozote. Mpe mjukuu nafasi.

Sasa tufike kwenye kuandikishana, ambako ndiko uliko moyo wa swali lako. Watu wengi huuona mkataba kama fimbo ya kumpigia mtu baadaye, mambo yakiharibika. Kwa mtu asiyejua anachonunua, kazi kubwa ya mkataba inafanyika kabla haujasainiwa. Unayapa maneno ya mzee bei. Badala ya kubishana kama mashine ni nzima, unamwambia: "Baba, mimi nimekubali milioni 18 yako yote. Milioni 11 siku ya makabidhiano. Milioni 3 baada ya siku thelathini za kazi, kama mota na shafti havijafa. Milioni 4 mwisho wa mwezi wa nane, kama mita itaonyesha msimu huu umekula yuniti zinazofanana na za msimu uliopita."

Kisha nyamaza umsikilize. Huu ndio ukimya wenye faida, si ule wa baba mdogo.

Mwenye mashine ya kweli anaona hapo anapata bei yake yote, anachopoteza ni muda tu. Kama kwake ina thamani ya milioni 17, atachukua 18 kwa awamu, nawe umepata kitu cha milioni 20.4. Mwenye mashine ya mashaka anaona anapata 11 na zile 7 hatakaa azione, kwa hiyo ataanza: "Mimi mambo ya awamu siyataki, nipe 14 taslimu tumalize." Sikiliza kwa makini sentensi hiyo. Mtu amekubali kuacha milioni 4 ili maneno yake yasipimwe. Inawezekana ana shida ya haraka ya fedha, ndiyo maana nilikuambia uulize mapema. Kama haraka hiyo haikutajwa popote kabla, turudi kwenye hesabu ya mwanzo: milioni 14 taslimu ni bei ya hasara.

Angalia lakini kwamba mashaka yana pande mbili. Ukishakabidhiwa mashine, wewe ndiye unayejua na mzee yuko Dodoma. Atajuaje hujasema mota imekufa ili usilipe? Atajuaje hukuendesha kwa jenereta ili mita isome kidogo? Mzee mwenye mashine nzuri anaweza kuukataa mpango wako kwa sababu hiyo tu, ukamhesabu mdanganyifu kumbe anakuogopa wewe. Kwa hiyo zile milioni 7 zisibaki mfukoni mwako. Ziwekwe kwa wakili, au kwenye akaunti ambayo haitolewi bila saini zenu wote wawili. Aandikwe fundi mmoja ambaye nyote mnamkubali, ambaye neno lake kuhusu kuharibika kwa mota ni la mwisho. Na umeme ukikatika wiki tatu katikati ya mavuno, nani anabeba? Mkataba hauwezi kutaja kila kitu. Oliver Hart na Bengt Holmström walipata Nobeli mwaka 2016 kwa kuchambua mikataba, na sehemu kubwa ya kazi ya Hart inahusu hasa yale yasiyoandikika. Msilotaja, taja nani ataliamua.

Kigezo chenyewe kiwe kitu ambacho nyote mnaweza kukisoma. Yuniti za mita, ndiyo. "Faida ya msimu", hapana, maana faida inaandikwa kwenye daftari na daftari ni la kwako.

Kuhusu arubuni. Milioni 2 isiyorudishwa inakufunga wewe peke yako. Siku ukiitoa, mzee anajua huwezi kuondoka bila kuiacha, na kila mazungumzo yanayofuata yanaanzia hapo. Arubuni nzuri inafunga pande zote mbili: wewe unatoa, tuseme laki tano; yeye hauzi kwa mwingine kwa siku kumi na nne, anakufungulia mashine ukague na fundi wako, na majaribio yakishindwa fedha inarudi yote. Hilo linaandikwa kwenye karatasi moja, saini na mashahidi wawili. Mtu wa Mlimba kama yupo kweli na yuko tayari kulipa 18 leo bila kukagua, mwache ainunue kwa amani.

Na bei yako ya juu kabisa, uitaje? Usiitaje, na usidanganye kuihusu pia. Roger Myerson na Mark Satterthwaite walithibitisha mwaka 1983 kwamba pale kila upande una siri yake ya thamani, hakuna utaratibu wowote, hata uwe wa busara namna gani, utakaookoa kila biashara nzuri bila mtu wa nje kutia fedha zake. Kila mmoja akificha kidogo, baadhi ya mapatano yanayofaa yatakufa. Unachoweza ni kupunguza vifo hivyo. Njia moja inayolingana na desturi zetu ni mzee wa tatu: kila mmoja anamnong'oneza kiwango chake cha mwisho, naye anasema tu "mnakutana" au "hamkutani", bila kutaja namba ya mtu. Dalali asifanye kazi hiyo. Dalali analipwa mkiuziana tu, kwa hiyo kwake mnakutana siku zote.

Sasa ile aibu. Sheria ya mikataba ya Tanzania kwa ujumla inatambua makubaliano ya mdomo, kwa hiyo usifikiri bila karatasi hakuna mkataba. Upo, ila kuuthibitisha ni kazi. Usimpelekee mzee karatasi kama dalili ya kutomwamini. Mpelekee kama jambo la watoto. "Baba, wewe na mimi tunaaminiana. Lakini hizi milioni 7 zinakuja mwezi wa nane, na Mungu ndiye anayejua. Wanao watanidaije bila karatasi?" Hapo karatasi inamlinda yeye kwanza, na huo ni ukweli mtupu, maana mwenye kudai atakuwa yeye. Kama ni Mwislamu, huna haja hata ya kumshawishi: aya ya 282 ya Suratul Baqara, ndefu kuliko zote katika Kurani, inaagiza deni la muda maalumu liandikwe na kushuhudiwa. Hakuna mzee wa swala tano atakayeona hilo ni tusi.

Jambo la mwisho hukuniuliza, lakini lina uzito kuliko yote. Barua yako inataja mashine. Haisemi chochote kuhusu banda na kiwanja. Mashine unaweza kuipata kwa mdomo na mashahidi. Ardhi, hapana: kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, mkataba wa kuhamisha haki ya kumiliki ardhi hauna nguvu mahakamani usipokuwa wa maandishi. Kama banda ni la kupanga, wateja unaowanunua ni wa mahali pale, na mwenye banda anaweza kukupandishia kodi wiki ileile mzee akipanda basi. Mwone mwenye banda kabla ya kumwona wakili, na uliza mita ya LUKU ina jina la nani na ina deni gani, maana deni la mita halihamii Dodoma.